Koti Lililonuka Beberu

Mbuzi alikuwa hajamaliza kumlamba mwanawe, pale Seabelo alipochovya kitambaa katika maji ya uzazi yaliyokuwa yakifuka mvuke mchangani, akakimbia nacho hadi pembe ya zizi alikolala mbwa wake jike. Mbwa naye alikuwa amejifungua alfajiri hiyo. Watoto wake, vipofu na viziwi, walitambaa tumboni mwake kama vidole vya mtu atafutaye kitu kilichoanguka gizani. Seabelo akapiga goti juu ya samadi, akampaka mama chuchu moja baada ya nyingine, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayetia mafuta bawaba za mlango asiotaka ulie.

"Haya, leo umekuwa mkunga wa mbwa," ilisema sauti nje ya ua wa miiba. Alikuwa Pheto, jirani yake wa pale kambini kwenye mifugo, mtu ambaye hakuwahi kuamka bila mzaha mdomoni. "Kesho tutakukuta unawafunga nepi."

"Cheka, bwana. Ukishamaliza kucheka, nenda kahesabu mbuzi wako. Mbweha kakubakishia wangapi?"

"Mbweha wangu ana adabu. Anachukua mmoja, anaacha salamu."

"Basi wangu hatapata hata wa kumsalimia."

Mbwa yule aliitwa Batlareng, yaani 'watasema nini?' Seabelo alimpa jina hilo mwaka aliooa, na kila alipomwita mbele ya nyumba ya wakwe zake aliliita kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Wakwe walilielewa. Walikuwa watu wa ng'ombe, wenye visima na mashamba. Yeye alikuwa mtu wa mbuzi, tena mbuzi wenyewe wa kurithi kwa bibi yake. Lakini kichwa chake alikibeba kama mtu aliyebeba maji ya wenyewe, hakiinami. Alikuwa amejifundisha peke yake kutunga sifa, akizungumza na wanyama nyikani mpaka maneno yakapata mwendo, na asubuhi ile, kitambaa kikiwa bado mkononi, alimsifu mbwa wake:

Batlareng, swali lisilojibiwa,
ulimi unaotangulia jua kuwaamsha wana,
mama wa meno yatakayomfunga mbweha kinywa!

"Amina," alisema Pheto. "Sasa nipe chai."

Seabelo alikuwa na sababu ya kumpaka mbwa harufu ya mbuzi. Uzao wa kwanza wa Batlareng ulizaliwa kijijini, nyuma ya jiko la wakwe, kwa kuwa mbwa alikuwa amemfuata Boitshepo, mke wa Seabelo, alipokwenda kumsalimu mama yake. Wale watoto walikua, wakaletwa kambini, wakawa mbwa hodari ajabu: hodari wa kulinda sufuria. Mbweha alipita mbele yao na mwanambuzi kinywani, nao wakamsindikiza kwa macho kama mgeni aliyekwisha kuaga. Lakini mtu akigusa kifuniko cha chungu, ole wake.

Kwa hiyo safari hii alimfungia Batlareng zizini kabla ya siku zake kutimia. Kwanza alitandika ngozi ya mbuzi kando ya watoto. Wakaipita kama walivyolipita jiwe. Hapo Seabelo alichuchumaa akatazama kwa makini, akaona jambo alilokuwa amelitazama maisha yake yote bila kuliona. Mtoto wa mbwa alilala amelegea kama kitambaa kilicholowa. Ulimi wa mama ukimpitia, mwili mzima uliamka, pua ikafunguka, naye akavuta kwa nguvu kila kilichokuwa karibu, akaenda nacho hadi kwenye ziwa. Kumbe harufu peke yake ni upepo tu. Ikija pamoja na ulimi wa mama, inakuwa nyumba.

Mmoja wao, mdogo kuliko wote, Batlareng alimsukuma kando kwa mguu, akawalamba wenzake. Seabelo alimwokota, akamsugua mgongo kwa kile kitambaa chenye maji ya mbuzi, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka kile kitu kidogo kikapiga chafya na kuanza kufuata kitambaa kwa pua.

"Usiku tutakusikia unabweka," Pheto alimwambia.

*

Mtoto wa Seabelo mwenyewe alizaliwa majira yaleyale ya baridi, wa kike, nyumbani kwa mama yake Boitshepo, kama ilivyo kwa mzaliwa wa kwanza. Gogo likalazwa mlangoni. Maana yake kila mtu aliijua: ndani mna mzazi, na asiyeruhusiwa asivuke. Baba ndiye wa kwanza kutoruhusiwa, kwa kuwa miguu ya mwanamume anayezunguka nyikani ni ya moto. Huvuka nyayo za watu wasiojulikana, na moto ule humpanda mtoto kifuani. Gogo lingeondoka baridi ikishakwisha, siku atakayoamua mama mkwe.

Seabelo hakuibishia mila. Hakuwa mtu wa kuikana nyumba iliyomlea. Lakini kila alipofikiria mtoto yule akikua nyuma ya gogo, huku yeye akiwa sauti tu nje ya ukuta, hofu ya zamani ilimrudia. Naye aliijua kwa jina.

Mama yake mzazi alimwacha angali ananyonya, akaenda Johannesburg kufanya kazi katika majiko ya watu. Aliporudi, Seabelo alikuwa tayari anachunga wanambuzi. Mwanamke mmoja alishuka kwenye lori, amevaa viatu vyenye visigino, akinukia sabuni ya waridi kutoka kichwani hadi miguuni. Akapiga magoti vumbini, akanyoosha mikono. "Mwanangu." Mtoto alimtazama, akavuta pua, akageuka akakimbia. Alikimbilia blanketi la bibi yake, lile lililonuka moshi na ugoro, akajifunika nalo gubigubi. Kila mtu uani alicheka, isipokuwa mmoja. Alipochungulia, yule mwanamke alikuwa bado amepiga magoti, mikono imenyooshwa, kama aliyebeba kitu ambacho watu wengine hawakioni.

Mambo yale hayakupata kutengemaa. Walisalimiana. Seabelo aliposhikwa na homa mama alimpikia, na alipooa mama alishona nguo za bibi harusi kwa mkono wake. Lakini walikuwa kama watu wawili waliokaa benchi moja wakisubiri magari tofauti. Seabelo angeweza kuvumilia kudharauliwa na wakwe, na mbweha, na ukame. Hakujua angevumilia vipi kupiga magoti mbele ya mtoto wake na kukimbiwa.

*

Alikwenda kijijini kwa mkokoteni wa punda kila alipopata nafasi, na maziwa mgando kwenye dumu na nyama ya mbuzi kwenye gunia. Mama mkwe, Mma-Boitshepo, alimpokea kwenye ua, si karibu na mlango. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye tabia ya kumtazama mtu juu ya bega lake kana kwamba nyuma yake kuna mtu wa maana zaidi.

"Habari za huko kwa mbuzi, mkwe?"

"Wanakusalimu, Mama."

"Naona. Wametangulia kuingia kabla yako." Akajipepea puani.

Ndani, mtoto alilia kidogo, halafu akanyamaza ghafla kama aliyewekewa kitu kinywani. Seabelo alisimama wima mpaka akahisi shingo inamwuma.

"Seabelo!" Boitshepo aliita kutoka ndani. "Ndiwe?"

"Ndimi. Mnaendeleaje?"

"Baridi inaniua mabega nikinyonyesha. Hili blanketi linateleza."

Bila kufikiri alivua koti lake, lile zito la kijeshi alilolala nalo zizini, akamkabidhi mama mkwe. Mma-Boitshepo alilipokea kwa vidole viwili.

"Hili? Kwa mjukuu wangu? Mkwe, hili koti linanuka beberu. Hata beberu mwenyewe angelikataa."

"Nipe, Mama!" Boitshepo alisema.

"Nitalifua kwanza."

"Mpaka likauke nitakuwa nimeganda! Nipe tu, utalifua kesho."

Mama mkwe alilitupa ndani kupitia dirisha, akageuka kunawa mikono mbele ya Seabelo, kwa maji mengi, bila haraka. Seabelo alisafiri kurudi kambini akitetemeka kwa baridi na kwa jambo jingine lililochoma zaidi ya baridi. Njia nzima alitunga maneno makali ya kumwambia mwanamke yule, akayapanga yakawa na mizani na vina, na alipofika kambini akamwambia punda.

Lakini neno lile halikumtoka. Linanuka beberu. Alijinusa mikono. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliisikia harufu yake, kama mtu anayesikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye redio.

Baridi ilipoanza kulegea, watoto wa Batlareng walikwisha kufumbua macho, na macho yalikuta pua imeshaamua kila kitu. Walilala katikati ya wanambuzi, miguu imechanganyikana. Mbuzi jike mkorofi aliwapiga kwato, mama yao wenyewe aliwakanyaga na kuwaburuta kwa shingo wakapiga yowe, wakarudi palepale. Seabelo alipombeba mmoja akamweka nje ya ua, mbwa yule alizunguka akilia mpaka akapata mwanya kwenye miiba, akaingia akiwa amechubuka, akashukuru. Yule mdogo aliyesukumwa na mama ndiye alimfuata Seabelo kila hatua, pua yake imeelekea kwenye kiganja chake. Siku moja mbweha alisogea ua mchana kweupe, na mbwa wale wadogo, ambao sauti zao zilikuwa bado hazijawatosha, walimtokea wote kwa pamoja.

"Haya, nimekubali," alisema Pheto. "Mwakani njoo unipakie na wangu. Lakini huyo jike wako anajikuna mno, eh? Mke wangu anataka kumwogesha kwa dawa ya viroboto."

"Amguse tu!" Seabelo alifoka. "Akimwosha, watoto watamkataa. Watafikiri ni mbwa mwingine!"

Alisema hivyo kwa kinywa chake mwenyewe, na kwa sauti kubwa.

*

Habari ilikuja kwamba gogo lingeondolewa. Mama yake Seabelo aliisikia kabla yake, na mwanawe alipopita nyumbani kwake kumsalimu, alimkuta ameweka vitu juu ya kiti: shati jeupe lililopigwa pasi, na kipande cha sabuni bado kimo katika karatasi yake.

"Hii nimeiweka siku nyingi," alisema mama. "Usiende kwa watu wale ukiwa hivyo ulivyo, mwanangu. Uende msafi. Wasipate la kusema."

Aliposema "wasipate la kusema," macho yao yalikutana, na kwa mara moja wakawa upande mmoja. Seabelo aliipokea sabuni kwa mikono miwili. Hakuinusa.

Asubuhi ya siku yenyewe alioga pale kisimani kambini kama anayetaka kuvua ngozi. Alijisugua shingo, kwapa, nyuma ya masikio, akachokonoa kucha kwa mwiba, akaosha nywele mara kadhaa mpaka sabuni ikabaki kama jani. Akavaa shati jeupe. Alipokwenda kufungua ua kuwaaga mbuzi, yule mbwa mdogo alimjia mbio, mkia ukipepea. Akafika karibu, akavuta pua, akasimama. Akarudi nyuma hatua kadhaa. Akamkoromea.

"Wewe! Hunijui?" Seabelo alicheka, akapanda mkokoteni.

Mtu humfundisha jirani kuezeka, kwake kukavuja.

*

Gogo lilikuwa limeburutwa kando ya mlango. Mama yake Seabelo alikuwa amekwisha kufika, amesimama uani na shali yake mabegani, mbali kidogo, kama wasimamavyo watu wasiojua kama wamealikwa. Mma-Boitshepo alimtazama Seabelo toka kichwani hadi miguuni, na safari hii hakutazama juu ya bega lake.

"Karibu, mkwe," alisema. "Leo umekuwa mtu."

Ndani mlikuwa na giza la uvuguvugu. Boitshepo aliketi kwenye mkeka, amenenepa, ameng'aa, uso wake ukicheka kabla ya mdomo. Seabelo alitaka kusema neno alilolitunga njiani, lakini neno lilikuwa limekimbia. Alipiga magoti. Akanyoosha mikono.

Mtoto alikuwa na macho meusi yenye kuuliza. Alimtazama baba yake kwa utulivu mpaka akawekwa kifuani pake, shavu kwenye shati jeupe. Akavuta pumzi moja. Uso ukakunjamana, mwili ukakakamaa kama upinde, akapiga kelele ambayo Seabelo hakujua kwamba kifua kidogo vile chaweza kuihifadhi. Akambembeleza, kelele ikapanda. Akamwimbia, ikapanda zaidi. Mtoto alipinda kichwa, akikwepa shingo ya baba yake kama mtu anayekwepa moshi.

"Basi, basi, mpe mama yake," alisema Mma-Boitshepo, si kwa ukali. Upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Hakujui tu. Atazoea. Watoto huzoea."

Seabelo alimrudisha mtoto. Mikono yake ilibaki hewani. Akaiona, palepale ilipokuwa, imenyooshwa, haina kitu; na kupitia mlango uliokuwa wazi akamwona mama yake uani, naye anaitazama mikono ileile. Seabelo alisimama ili atoke kabla uso haujamsaliti.

"Unakwenda wapi?" Boitshepo alimwuliza. Alimvuta mkono mpaka akainama, akamnusa shingoni, akaanza kucheka. "Ee! Seabelo! Umejifanya nini? Unanukia kama duka."

"Nimeoga," alisema, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

"Nani kakutuma?" Akageuka, akainua ukingo wa godoro lililokuwa nyuma yake, akavuta kitu kizito kilichokunjwa. Harufu ikatangulia: moshi wa kuni za mwiba, jasho, beberu, na juu ya vyote maziwa, maziwa ya mama yaliyochacha na kukauka kwenye kola na kwenye mikono, tabaka juu ya tabaka.

Mma-Boitshepo alishika kiuno. "Lile koti! Nilikuambia ulitoe nje!"

"Ulisema, Mama."

"Na ile harufu? Ukaniambia ni ngozi ya kondoo!"

"Nilikuwa nanyonyesha, Mama, sikuweza kubishana. Mtoto huyu hajanyonya hata mara moja bila hili koti mabegani mwangu. Siku ulipolianika alikataa ziwa mpaka jioni, umesahau? Tukasema ni tumbo, nami nikalirudisha kwa siri." Akamrushia Seabelo. "Vaa, wewe mtu wa duka."

Seabelo alilivaa juu ya shati jeupe, akafunga vifungo mpaka shingoni. Lilikuwa limekuwa zito kuliko alivyolikumbuka. Mtoto, aliyekuwa bado ana kwikwi, aliwekwa tena kifuani pake. Alitikisa kichwa huku na huku, akilalamika, pua yake ndogo ikisaka kwenye kola. Akapata alichokuwa akikitafuta, akakisukumia uso wake, akashusha pumzi ndefu iliyokatika vipande vipande. Hakumtazama baba yake wala hakucheka. Alilala tu, kama mtu aliyefika kwake akakuta moto bado unawaka.

Mma-Boitshepo alitazama. Halafu akachukua ndoo, akatoka, akisema kwamba kuna watu wanaokunywa chai na watu wanaokaa kutazama makoti.

Seabelo alisimama palepale, hakuthubutu kuhama. Ndani ya koti lake alisikia harufu ya mkewe kila mahali. Alimfikiria Batlareng na ulimi wake, na Boitshepo katika baridi ile, akijifunika uvundo wa mumewe kila mtoto alipolia, akimnyonyesha baba pamoja na maziwa, bila kumwambia mtu. Yeye alikuwa akidhani yuko nje ya ukuta.

Mtoto alipozama usingizini alimlaza karibu na mama yake, akatoka.

Mama yake alikuwa ameketi juu ya gogo lililotolewa mlangoni. Jua la adhuhuri lilikuwa halijafaulu kuiondoa baridi yote. Seabelo aliketi kando yake.

"Analia bado?"

"Amelala."

"Ni sabuni yangu," alisema mama, akitazama mikono yake. "Nilijua tangu aliposhtuka. Nilisema moyoni, ni ileile."

Seabelo alitaka kusema si kosa lako. Lilikuwa neno jepesi mno, nalo lilikuwa limechelewa miaka mingi. Upepo mdogo ulipita ukamletea harufu ya mama yake puani: waridi, ndiyo, lakini chini ya waridi palikuwa na kitu kingine, unga wa mtama, pasi ya makaa, ngozi ya mwanamke aliyezeeka peke yake. Hakupata kukaa karibu naye kiasi cha kukijua. Au alikijua zamani, kabla ya maneno, na mtu akamwondolea kabla hakijashika.

"Mama, nipe shali yako."

"Ya nini? Una koti."

"Nipe tu."

Aliivua, akampa, akimtazama kama mtu anayetazama mbuzi anayefanya jambo la kibinadamu. Seabelo aliikunja mkononi, akarudi ndani. Kupitia mlango uliokuwa wazi mama alimwona akivua koti na kumvika mkewe, akiinama juu ya mkeka, akisema neno dogo. Akamwona Boitshepo akicheka, akiivuta shali mabegani mwake mwenyewe, juu ya koti. Akamwona mtoto akiamshwa kidogo na kusogezwa kwenye ziwa.

Uani, bega la mwanamke yule lilikuwa wazi kwa upepo. Aliweka kiganja chake pale shali ilipokuwa, akakiacha hapo, asitingishike, kama anayesikiliza.